Siri Kamiri

Ukishuka stejini Nyeri ukauliza duka la Injinia, hata mama wa kuuza ndizi atakuelekeza bila kukuuliza ni injinia gani. Ni mimi. Nina maduka matatu ya kuchapisha, moja Nyeri, moja Karatina, moja Nanyuki, na pale Gatitu nina ploti ya ghorofa mbili ambayo wapangaji wake hawajawahi kukosa maji. Shule niliachia darasa la saba na sioni haya kulisema, kwa sababu wenye digrii huja kwangu kuchapisha barua za kuomba kazi. Kadi za harusi, mabango ya wanasiasa, vitabu vya ratiba ya mazishi, vyote vya mlima huu hupitia mkononi mwangu. Nikikaa na wanaume wenzangu kwa nyama huwaambia kwamba mimi si mtu wa kuogopa, na wao hukubali, maana nyama ni mimi nimeinunua. Sasa majuzi aliingia dukani msichana wa miaka ishirini hivi, amevaa sweta nyeusi, akaweka simu juu ya kaunta akasema anataka kitabu cha mazishi. Nikamuuliza tunamzika nani. Akasema, "Mama yangu, Nyaguthii wa Giakanja. Mimi naitwa Wangari." Kwenye simu palikuwa na picha ya mama huyo kuanzia kifuani kwenda juu, anacheka upande mmoja wa mdomo, na nyuma yake pazia la buluu lenye maua meupe. Nililijua pazia kabla ya kumjua mtu. Kisha akanipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mgonjwa, herufi zinapanda na kushuka, na juu kabisa imeandikwa: SAFARI KAMIRI YA NYAGUTHII. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Hapa kuna makosa, mami. Ni kamili." Akanitazama. "Hata mimi nilimwambia. Mama alimaliza fomu foo, hakuwa mtu wa kukosea. Akasema iachwe hivyo hivyo na r yake, na ichapishwe kwa Injinia, si kwa mtu mwingine. Ati wewe utajua." Printa nyuma yangu ilikuwa inaendelea kutema kadi za harusi ya watu wengine. Nilishika kaunta kwa mikono miwili, maana r ile niliijua tangu mwaka ule.

Mwaka ule sikuwa na maduka matatu. Nilikuwa na saiba moja ya intaneti, chumba chembamba nyuma ya soko, kompyuta tano na mbili kati yake zilikuwa za kujaza nafasi tu. Juu ya mlango nilikuwa nimejichorea mwenyewe kwa rangi nyekundu: HUDUMA KAMIRI ZA KOMPYUTA. Nyuma palikuwa na kijichumba cha pazia la buluu, ambapo nilipiga picha za pasipoti. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa mbao, na ng'ambo ya mbao ilikuwa hoteli ya Mama Zai, Mwislamu wa pale pale mjini, aliyezaliwa Nyeri na mama yake akazaliwa Nyeri, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane watoto. Mbao zilikuwa na nyufa. Kila kilichosemwa kwake nilikisikia, na kila kilichosemwa kwangu alikisikia, pamoja na harufu: asubuhi mandazi, mchana githeri na maharagwe ya nazi, Ijumaa pilau. Nilikula kwake kila siku. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki hugeuka kwanza kuutazama ukuta, kabla njaa haijaja.

Nyaguthii alikuja mara ya kwanza kuchapa barua ya kuomba kazi. Mara ya pili alikuja kuniuliza kama naweza kuweka picha na nambari ya simu kwenye ule mtandao wa matangazo ambao wanawake wa Nairobi walikuwa wakiutumia kutafuta wateja. Hakuzungukazunguka. "Mimi nafanya hiyo kazi," alisema, "na nimechoka kuifanyia nje ya baa kwa baridi hii. Unaweza ama huwezi?" Mtu wa kumwambia siwezi hakuwa mimi. Nilimpiga picha mbele ya pazia, nikaikata shingoni ili uso usionekane, nikaandika maneno, nikaiposti. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na wanawake kumi na wawili. Wengine walitoka Karatina, wengine Nanyuki, na wawili walipanda kutoka Wang'uru, ambako wafanyabiashara wa mchele huwa na pesa mavuno yakitoka. Wote walipita nyuma ya pazia langu. Picha nzima, zenye nyuso, zilibaki kwenye kompyuta yangu ndani ya faili niliyoipa jina Fomu za Kahawa, kwa sababu hakuna mtu duniani anayefungua fomu za kahawa kwa hiari yake.

Nataka nieleze simu iliwafanyia nini, kwa sababu watu hudhani ni pesa tu. Pesa ilikuja, kweli. Nyaguthii alihamia Gatitu kwenye nyumba yenye dari na mfereji wa maji ndani, Wangari akaingia shule ya maana, darasa la sita, soksi nyeupe. Lakini kubwa zaidi ilikuwa sauti. Mtu akipiga simu, unamsikia kwanza. Nyaguthii alikuwa anakaa kwa Mama Zai mbele ya chai, simu sikioni, anauliza: unatoka wapi, unafanya kazi gani, umekunywa? Akisikia ulimi mzito, anakata. Akisikia mtu anatukana, anakata, kisha anawatumia wenzake ile nambari waijue. Barabarani huwezi kukata mtu. Barabarani gari linasimama na unaamua kwa dakika moja.

Maneno ya matangazo yalikuwa yangu yote. Nilikuwa na fahari nayo. Usafi kamiri. Heshima kamiri. Na mwisho, kwa kila mmoja, Siri kamiri. Nyaguthii aliniambia siku ya kwanza, "Injinia, hiyo ni l."

"Ni nani injinia hapa?"

"Ni wewe. Lakini ni l."

"Wateja wamelalamika?"

Alicheka, akaacha. Laiti ningemsikia, hadithi hii nisingeisimulia.

Basi asubuhi moja nilifungua ule mtandao nikakuta hakuna picha hata moja. Palikuwa na tangazo la Kiingereza na mihuri ya serikali ya Amerika, tai na ngao, kama pesa. Nilidhani kompyuta imeingia virusi. Nikaizima, nikaiwasha. Mihuri ilikuwa pale pale. Nyaguthii ndiye aliyetusomea, wanawake sita wamesimama nyuma ya kiti changu wakinipumulia shingoni. Alisema wamefunga mtandao mzima na kwamba huko kwao wametoa sheria, mwenye mtandao akiruhusu matangazo kama yale anashtakiwa yeye. Mmoja wa Wang'uru akauliza, "Na Amerika inahusiana aje na mtu wa Wang'uru?" Nilitafuta mitandao mingine. Mmoja ulitaka kadi ya benki, na hakuna aliyekuwa nayo. Mwingine ulikubali jioni, asubuhi umefuta. Kurasa nilizofungua zilifungwa bila hata kuambiwa kwa nini, na kila moja iliyofungwa nilijiuliza ni nani aliyeitazama, na kama aliyeitazama aliona ilitoka wapi.

Simu zilinyamaza. Nilizisikia zikinyamaza kupitia mbao. Zamani kwa Mama Zai mchana kulikuwa na milio minne mitano ya simu; sasa ilikuwa kijiko kikigonga kikombe. Na simu moja ikilia, Nyaguthii hakuuliza tena maswali matatu. Aliuliza moja. Kisha akawa haulizi. Yule mwanamke wa Wang'uru aliyeuliza habari za Amerika alirudi barabarani, akapanda gari la mtu ambaye hakumsikia sauti kwanza, na tulipomwona tena taya yake ilikuwa imefungwa bandeji na anakunywa uji kwa mrija. Mama Zai alimpozea ule uji kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Hapo ndipo hofu ilipoingia kwangu.

Halafu sheria yetu wenyewe ikatoka, ya kompyuta. Hakuna aliyekuwa ameisoma. Tuliisikia kwa redio ya Mama Zai, na kila aliyekula pale aliiongezea chumvi yake. Ati ukipatikana na picha chafu kwa simu unafungwa. Ati mwenye saiba anafungwa pamoja na mteja. Ati wanaona kila kitu unachofuta. Mimi nilikuwa nakula githeri nikisikiliza, nikabaki nikisukuma punje za mahindi pembeni mwa sahani. Sheria ile nyingine ya zamani niliijua bila redio, kwamba mwanaume anayekula pato la wanawake wa kazi ile ana kosa lake peke yake na jina lake peke yake. Nilikuwa sijawahi kujiita hivyo. Nilikuwa najiita injinia.

Afande Wafula alikuwa mteja wa Mama Zai na wangu pia, mtu mkubwa mpole kutoka magharibi, anapenda pilau na mzaha. Siku hiyo aliingia saibani mchana, akavuta kiti, akatandaza karatasi kwenye meza. Yalikuwa matangazo yangu. Alikuwa ameyachapisha kabla mtandao haujafungwa, Nyeri, Karatina, Nanyuki, Wang'uru, miili bila vichwa imepangwa kama nyama ya buchari.

"Injinia, hebu nisaidie kusoma. Hapa chini wameandika nini?"

"Siri... siri kamiri."

"Na hapa?"

"Siri kamiri."

"Yote! Nyinyi watu wa mlima, ile l mliiuzia nani?" Alicheka mpaka kiti kikalia. "Sasa sikia. Mkubwa wetu anataka mtu, hii sheria mpya anataka kuifungua na mtu. Na mimi nimeona mwandishi ni mmoja. Nikipata anayeandika kamiri, nimepata mwenye kazi. Hawa wa kwenye picha watanipeleka kwake mwenyewe."

Ng'ambo ya mbao Mama Zai akapaza sauti, "Na nyinyi kwenu mnaomwita jogoo chokoo, tuwakamate lini?"

"Mama, wewe niwekee pilau!" Akacheka tena, akakusanya karatasi zake, akatoka. Mlangoni alisimama kidogo, mgongo umenigeukia. Sikuona kama aliinua macho. Juu ya kichwa chake, kwa rangi nyekundu, palikuwa pameandikwa HUDUMA KAMIRI.

Nitasema nilichofanya, na usinicheke mpaka nimalize. Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi kulipopambazuka, kabla soko halijajaa, nilipanda juu ya stuli na kibati cha rangi nikageuza ile R kuwa L. Nilipaka kwa haraka mpaka L ikapata tumbo. Nilipogeuka, soko zima lilikuwa linanitazama. Mama Zai alikuwa amesimama mlangoni na upawa. "Heh! Injinia, leo ndiyo umejifunza kusoma?" Wauza viazi wakaangua kicheko. Mpaka saa nne kila aliyepita alisoma kwa sauti, ka-mi-li, ka-mi-li, kama darasa la kwanza, na kila nilipoisikia nilihisi kama ninasomewa mashtaka.

Wafula alirudi saa sita. Hakuingia moja kwa moja. Alinyoosha kidole akagusa ile L, akakitazama kidole, akakipangusa kwa ukuta. "Bado mbichi," alisema. Hakuwa anacheka tena, na kutocheka kwake kulikuwa kama chumba kimepunguzwa hewa. Alikaa mbele ya kompyuta ile ile yenye Fomu za Kahawa. "Washa hii mashine. Lakini kwanza chukua karatasi uandike. Siri kamili."

Nilichukua kalamu. Ninataka mtu aliyesoma anielewe: mimi nilikuwa naandika maneno hayo kila siku, na wakati huo sikujua yameandikwaje. L ni ipi? R ni ipi? Nilichojua ni kwamba R ndiyo inayofunga watu. Basi niliikimbia kila mahali. Nikaandika, jasho likidondokea karatasi: SILI KAMILI.

Wafula alikuwa bado anaisoma mlango ulipofunguliwa. Ni Nyaguthii, ana chapati mkononi kwenye gazeti, ametoka moja kwa moja kwenye benchi la Mama Zai. Alikuwa amesikia yote kupitia mbao. Hakunitazama.

"Afande, unapoteza wakati na huyu. Huyu hajui kuandika hata Nyeri. Hayo matangazo ni yangu. Nayaandika kwa simu, hapa nanunua intaneti tu."

"Na hayo maandishi ya mlango?"

"Mimi ndiye nilimwandikia akanakili. Jana mtu akaniambia nimekosea, nikamwambia abadilishe. Si umwone alivyoipaka, kama mtoto."

Wafula alimsukumia karatasi. "Andika."

Aliweka chapati mezani, akapangusa vidole, akainama. Mwandiko wake ulikuwa wa fomu foo, umelala upande mmoja, mzuri. Akaandika polepole ili asikosee kukosea: Siri kamiri. Wafula aliziweka karatasi mbili bega kwa bega. Akaitazama yangu, SILI, na pua yake ikaanza kucheza. Akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho. "Injinia gani huyu," alisema. Kisha akamshika Nyaguthii mkono juu ya kiwiko, bila nguvu, wakatoka.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Neno lilikuwa fupi: ni mimi niliyeandika. Nililiona, lilikuwa mdomoni, nilihisi uzito wake kama punje ya githeri. Mlango ulikuwa wazi na wao walikuwa wanapita kwa wauza viazi, yeye kichwa juu. Nilikaa na kalamu mkononi. Nilijua Mama Zai yuko ng'ambo ya mbao anasikiliza kama nitasema. Walipopotelea kwenye kona niliinuka, si kuwafuata, bali kufunga mlango kwa komeo. Nilifungua Fomu za Kahawa nikafuta picha moja baada ya nyingine. Uso mmoja sikuufuta. Sijui kwa nini.

Alikaa ndani siku nyingi kuliko nilivyodhani watu hukaa. Sikwenda kumwona. Mama Zai ndiye aliyepeleka chakula, na kila alipopita mlangoni kwangu na kikapu alikohoa, kikohozi kimoja, akaendelea. Kortini alikubali kosa dogo. Lakini mwenye nyumba wa Gatitu alikuwa amesikia, akamtolea vitu nje, na Wangari akapelekwa Giakanja kwa nyanyake, katikati ya muhula. Nyaguthii alipokuja saibani alikuwa amekonda shingo. Nilianza maneno mengi. Akainua mkono.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Zote?"

Nikaitazama ile mashine.

"Najua umeacha yangu. Ichape, nzima, halafu uifute nikiona."

Nilichapa kwa karatasi nzuri, ile nene. Nikafuta, akiwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Nyaguthii, uliniokoa." Akaitazama picha, si mimi.

"Wewe? Wangewasha hiyo mashine, wangewatoa wenzangu kumi na mmoja na nyuso zao. Wako na watoto. Wewe ulikuwa umekalia kiti tu." Alikunja picha ndani ya gazeti. "Na Injinia, ni kamili. L." Hakurudi tena. Nilisikia anauza maziwa soko la Giakanja, na miaka yote hii, nikiwa na pikapu yangu, nikipita njia ile hupandisha kioo.

Kwa hiyo nilichapa kitabu cha mazishi na R yake. Vijana wangu wa dukani waliniambia, "Boss, kuna makosa hapa." Nikawaambia wachape. Wangari alikuwa ameikata ile picha kifuani, akaacha uso na pazia. Mimi miaka ile nilikata uso nikaacha mwili. Niliitazama kwenye skrini nikaona ndiyo mara ya kwanza picha yangu imetumika vizuri.

Giakanja siku ya mazishi kulikuwa na ukungu, udongo mwekundu unashika viatu. Nilikaa nyuma kabisa kwenye hema. Anayeongoza alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kuchangamsha, na alipofungua kitabu alivua miwani, akaivaa tena. "Kabla hatujaomba, nani alichapisha hii kitu? Kamiri! Sisi kwa mdomo tunasema hivyo, Mungu anatujua, lakini kwa karatasi kweli?" Watu wakacheka, kicheko kile cha kupumua ambacho hutokea mazishini. Ningeweza kukaa. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Na hofu ikaja kama ile ya saibani, jasho lile lile, kwamba nikisimama mtu ataniuliza la pili na la tatu, mpaka tufike kwenye pazia.

Nilisimama. Nikafunga kifungo cha suti yangu ya bei ghali.

"Ni mimi niliyeandika," nilisema.

Hema likaangua kicheko. "Injinia mwenyewe!" "Rudi darasa la nane, boss!" Mwalimu akapunga kitabu hewani akicheka na wao.

"Si yeye," nikasema, kwa sauti zaidi. "Hakuandika yeye. Ni mimi niliyeandika."

Wakacheka zaidi. Mbele, karibu na jeneza, Wangari alikuwa amegeuka kwenye kiti chake. Hakuwa anacheka. Alinitazama, akainamisha macho kwenye picha iliyokuwa magotini, akaitazama kwa muda, kisha akanitazama tena.

"Tumesikia, Injinia, tumekusamehe," mwalimu akasema. "Keti sasa."

Nikabaki nimesimama.